Akifurahi Mwenzio, Usizime Redio

Kama kuna presha za ofisini, hebu ziache kwanza huko huko, maana ukurasa huu ni wa mimi, wewe na yule uliyempa moyo wako.

Mwezi huu nataka tuzungumzie kelele. Ndiyo, kelele! Tena si kelele za majirani wala za watoto, ni kelele za wimbo mmoja wa kundi la Kijerumani linaloitwa Scooter, lenye maskani yake Hamburg, kaskazini mwa Ujerumani. Wimbo ulitoka mwanzoni mwa 1996 na unaitwa "Let Me Be Your Valentine". Kwa lugha yetu ni sawa na kusema, niruhusu niwe mpenzi wako wa Valentine.

Sasa ukisikia jina kama hilo unategemea nini? Bila shaka unategemea kinanda cha taratibu, taa zimepunguzwa, mtu anaimba kwa sauti ya kubembeleza na wewe umelaza kichwa begani kwa mwenzio. Weka huo wimbo uone! Ngoma inakimbia kama vile imechelewa basi, kinanda kinapigwa kwa fujo, na mwanaume mmoja anapiga kelele kwenye kipaza sauti kama kondakta aliyeona abiria ng'ambo ya barabara. Yaani ombi la mapenzi, lile ambalo watu huliombea pembeni kwa kunong'ona, jamaa ameamua kulitangaza mbele ya umati.

Wapo wanaousikia wimbo huo wakacheka mpaka machozi. Wapo wanaozima redio kabla haujafika nusu. Na wapo ambao ukipigwa tu, hata wawe wamechoka vipi, wanasimama. Shughuli inaanza pale wawili kati ya hao wanapoishi nyumba moja.

Furaha yenye kasi

Muziki wa namna hii unaitwa happy hardcore, na jina lenyewe limebeba neno furaha. Ulichipuka Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 1990, hasa Uingereza, Uholanzi na Ujerumani, ukitokana na muziki wa kompyuta uliokuwa ukipigwa kwenye madisko na kwenye kumbi kubwa za usiku kucha. Wenzao waliokuwa wakipiga hardcore ya kawaida walizidi kuufanya uwe mzito, wa giza na wa kutisha. Hawa wakageuza usukani. Wakabakiza kasi, wakaongeza kinanda cha kuchangamsha, viitikio vyepesi ambavyo hata mtoto anavishika, na sauti nyembamba mno.

Ile sauti nyembamba ina siri yake. Ukichukua santuri ukaizungusha haraka kuliko ilivyorekodiwa, wimbo unakimbia na papo hapo sauti ya mwimbaji inapanda juu, inakuwa kama ya kikaragosi kwenye katuni. Watengenezaji wa muziki huu waliipenda athari hiyo, wakaifanya kwa makusudi.

Na kasi? Nyimbo nyingi za aina hii zinapiga kati ya mapigo 160 na 180 kwa dakika. Moyo wa mtu mzima aliyetulia unapiga kati ya 60 na 100. Kwa hiyo wimbo wenye mapigo 170 unakupa karibu mapigo matatu kila sekunde, na ukichezwa kwa dakika tatu na nusu tu, miguu yako imeitwa kama mara 600. Kwa kasi hiyo huwezi kumkumbatia mtu mkacheza pole pole. Kila mmoja anaruka peke yake, ila wote mnaruka pamoja.

Ili uelewe kwa nini vijana wa Ujerumani waliupokea muziki kama huu kwa mikono miwili, kumbuka walikuwa wametoka wapi. Majira ya joto ya 1989, Berlin ikiwa bado imegawanywa na ukuta, DJ mmoja anayejulikana kama Dr. Motte aliongoza kundi la watu kama 150 barabarani wakicheza muziki nyuma ya magari. Waliita matembezi hayo Love Parade, na kaulimbiu yao ilikuwa amani, furaha na chapati za mayai. Novemba ya mwaka huo huo ukuta ukaanguka. Miaka michache baadaye vijana wa pande mbili zilizokuwa zimetenganishwa walikuwa wanacheza pamoja kwenye majengo yaliyoachwa matupu, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 wale 150 wa Love Parade walikuwa wamegeuka mamia ya maelfu.

Katika joto hilo muziki wa furaha ukahamia redioni. Mwaka 1994 DJ wa kike Marusha aliuchukua wimbo wa zamani wa sinema kuhusu upinde wa mvua, akautia kasi, ukapanda hadi kwenye tatu bora za Ujerumani. Mwishoni mwa 1995 msichana wa Hamburg aliyekuwa na miaka 15 tu, Jasmin Wagner, akajiita Blümchen, yaani kijiua, akatoka na "Herz an Herz", maana yake moyo kwa moyo. Unaona? Mapenzi yalikuwepo humo muda wote, isipokuwa yalikuwa yanakimbia.

Waliochekwa wakaendelea

Turudi kwa Scooter. Yule mpiga kelele anaitwa H.P. Baxxter, jina lake la kuzaliwa ni Hans Peter Geerdes, mzaliwa wa mji wa Leer mwaka 1964. Kabla ya hapo, miaka ya 1980, yeye na mwenzake Rick J. Jordan walikuwa na kundi jingine lililoitwa Celebrate the Nun, ambalo hata dada yake Baxxter alikuwemo. Hilo lilipiga muziki wa vinanda vya umeme wenye huzuni huzuni, wa kistaarabu kabisa, ule ambao ukiusikiliza hakuna wa kukucheka. Tatizo ni kwamba haukuwafikisha mbali sana.

Mwaka 1994 wakatoa "Hyper Hyper", ambao maneno yake kwa sehemu kubwa ni kutaja majina ya madijei na kuuchangamsha umati. Ukafika nafasi ya pili Ujerumani! Baada ya hapo hawakurudi nyuma. Albamu yao ya pili ya 1996 waliiita "Our Happy Hardcore", wakimaanisha hii ndiyo happy hardcore yetu, na ndani yake ndimo ulimo huu wimbo wa Valentine tunaouzungumzia, ulioingia kumi bora za kwao.

Wachambuzi wa muziki hawakuwa na huruma. Walisema maneno hayana maana, walisema ni kelele tupu, walisema jamaa wanaazima sana nyimbo za watu. Na kusema ukweli, si kwamba walikuwa wanasingizia. Mwaka huo huo wa 1996 walimgeuza Billy Idol, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakaja kuugeuza wimbo wa Supertramp wa 1979. Mtu akikuambia kwamba hii si kazi ya kuwekwa kwenye makumbusho, huna haja ya kubishana naye.

Lakini tazama jambo hili. Mwishoni mwa 1996 Scooter walijaribu kutoa singo ya taratibu, "Break It Up", ya kuwaonyesha watu kwamba hata utulivu wanauweza. Haikufika kumi bora nyumbani. Watu walikuwa wanawataka jinsi walivyo. Basi wakaendelea kuwa jinsi walivyo, na mwaka 2008 albamu yao ilishika namba moja Uingereza, ikimshusha Madonna mwenyewe. Baxxter alitimiza miaka 60 Machi 2024, na hakuwa amekiweka chini kipaza sauti.

Sasa njoo sebuleni

Najua unajiuliza, haya yote yananihusu nini mimi na ndoa yangu? Yanakuhusu sana.

Tuseme ni Jumamosi asubuhi. Mumeo anaosha gari, au mkeo anapanga kabati, na ameweka wimbo wake. Si lazima uwe wa Scooter. Inaweza kuwa taarabu ambayo wewe unaona ni ya mama zako, inaweza kuwa dansi la zamani, inaweza kuwa kwaya, inaweza kuwa huo huo mdundo wa Kijerumani alioupata akiwa masomoni. Anatikisa kichwa, anaimba vibaya, amefurahi. Wewe unapita, unabetua midomo, unasema, "Hivi kweli mtu mzima na akili zake anasikiliza takataka hii?" Kisha unacheka na kuendelea na safari zako. Kwako wewe umetania tu.

Kwake yeye, kuna kitu kimezimika.

Mwaka 1994, mwaka ule ule wa "Hyper Hyper", mtaalamu wa saikolojia wa Marekani anayeitwa John Gottman alichapisha kitabu kuhusu kwa nini ndoa nyingine zinadumu na nyingine zinavunjika. Kwa miaka mingi alikuwa amewaita wanandoa kwenye maabara yake, akawaacha wazungumze mambo yanayowakera, huku akiwarekodi na kupima mpaka mapigo ya mioyo yao. Alitaja tabia nne zinazoibomoa ndoa: kumshambulia mtu badala ya kulalamikia jambo alilofanya, dharau, kujitetea kila unapoambiwa kitu, na kunyamaza kama ukuta. Kati ya hizo nne, aliyoiona ni hatari kuliko zote ni dharau.

Na dharau kwa Gottman si lazima iwe matusi. Ni kule kuzungusha macho, kule kubetua midomo, kule kumuigiza mwenzio kwa kejeli. Vitu vidogo vidogo ambavyo ukiulizwa unasema, "Aaah, si nilikuwa natania!"

Jambo jingine aliloliona linanifurahisha kwa sababu linahusu mapigo. Watu wakigombana hadi mioyo yao ikazidi mapigo 100 kwa dakika, uwezo wao wa kusikilizana unaporomoka. Wanasikia sauti lakini hawaelewani, na ushauri wake ni kupumzika walau dakika 20 kabla ya kuendelea. Kwa hiyo moyo huo huo ukipandishwa na mdundo wa mapigo 170 unaweza kukufanya uruke kwa raha, na ukipandishwa na dharau, hata neno zuri haliingii.

Habari njema nazo ni mtihani

Wengi wetu tumefundishwa kwamba mapenzi ya kweli huonekana wakati wa shida. Akiugua, akifukuzwa kazi, akifiwa, hapo ndipo utamjua anayekupenda. Ni kweli, sikatai. Lakini kuna mtihani wa pili ambao hatuutazami sana, nao ni wakati mwenzio amefurahi.

Mwaka 2004 mtafiti Shelly Gable na wenzake huko Marekani walichapisha uchunguzi kuhusu namna watu wanavyowajibu wenzi wao wanapoletewa jambo jema. Waliona kuna majibu ya aina nne. Hebu tuyaweke kwenye mfano wetu. Mwenzio anakuja mbio anasema, "Yaani leo nimeukuta ule wimbo niliokuwa nautafuta miaka yote!"

Wa kwanza anajibu, "Wee! Uweke basi tuusikie. Ulikuwa unaucheza wapi?" Huyo ameingia kwenye furaha ya mwenzake.

Wa pili anasema, "Safi," halafu anarudi kwenye simu yake. Hana ubaya, ila hayupo.

Wa tatu anasema, "Na utatusumbua nao wiki nzima sasa." Huyo amemwagia maji ya baridi.

Wa nne anasema, "Hivi umeme umelipia?" Huyo hata hajasikia.

Kati ya wanne hao, ni yule wa kwanza tu ambaye majibu yake yalikwenda pamoja na uhusiano wenye raha na ukaribu. Hata wa pili, ambaye hakusema neno baya, hakuwa na faida hiyo. Na katika uchunguzi mwingine wa 2006, Gable na wenzake walikuta kwamba jinsi wapenzi wanavyopokeana katika habari njema ilieleza zaidi hali ya uhusiano wao kuliko jinsi wanavyopokeana katika habari mbaya.

Kwa nini iwe hivyo? Mimi naona ni kwa sababu shida ina adabu zake, kila mtu anajua cha kusema kwenye msiba. Furaha haina adabu zilizopangwa. Inakuja ghafla, mara nyingi ni ya kitoto, mara nyingi inachekesha. Mtu anayekuonyesha kitu cha kijinga kinachomfurahisha amevua nguo ya utu uzima mbele yako. Ukimcheka wakati huo, atajifunika, na kesho hatakuonyesha tena.

Hapo ndipo penye hatari, mpenzi msomaji. Mtu hawezi kuishi bila furaha, kwa hiyo hataiacha, ataihamisha. Ataanza kusikiliza wimbo wake kwenye hedifoni. Kisha atausikiliza akiwa peke yake kwenye gari, na atakaa dakika kumi zaidi getini kabla ya kuingia ndani. Kisha atampata mtu kazini ambaye naye anaupenda, na watacheka pamoja. Sisemi kila anayevaa hedifoni ana mchepuko, msije mkaanza kukaguana leo jioni! Ninasema kila unapoifukuza furaha ya mwenzio, inatoka nyumbani na kutafuta pa kukaa.

Sauti ni kitu kimoja, dharau ni kingine

Kuna atakayeniambia, dada yangu, mimi simdharau, ila muziki ni mkubwa na mtoto amelala. Hapo una haki yako kamili. Masikio ni ya kutunzwa, usingizi ni wa kutunzwa, na nyumba ni ya wote. Mwambie, "Punguza sauti mpenzi, mtoto ndio kwanza amelala." Sentensi hiyo inalalamikia sauti. Ukisema, "Punguza huo upuuzi wako," umeacha sauti umemgusa mtu mwenyewe. Maneno hayo mawili yanaweza kupunguza redio kwa kiasi kile kile, lakini hayafanani hata kidogo.

Kama nyumbani kwenu kuna wimbo, mchezo, tamthilia au timu ya mpira inayowagawa, jaribu haya mwezi huu.

Kwanza, usijilazimishe kupenda. Mwenzio hahitaji uongo, na atakugundua tu. Unaweza kusema, "Mimi hauniingii, lakini napenda ninavyokuona ukiusikia." Hilo ni kweli na linatosha.

Pili, uliza ulitoka wapi. Wimbo wa kijinga mara nyingi una historia isiyo ya kijinga. Huenda ndio uliokuwa ukipigwa mwaka aliotoka nyumbani mara ya kwanza, au usiku aliojua amefaulu mitihani, au kwa rafiki ambaye sasa hayupo. Kijana wa Berlin aliyeruka na "Let Me Be Your Valentine" mwaka 1996 huenda alikuwa anacheza na mtu ambaye, miaka saba tu nyuma, asingeruhusiwa kuvuka barabara kuja kumsalimia. Ukisikiliza wimbo bila historia hiyo, unasikia kelele tu.

Tatu, usimuigize mbele ya watu. Kejeli ya chumbani inauma, ya mbele ya mashemeji na marafiki inaacha kovu.

Nne, mpe wimbo mmoja. Wimbo mmoja tu kwa wiki, dakika tatu na nusu, uweke simu chini, usimame naye. Kama ni wa mapigo 170 mtachoka kabla haujaisha, na mkichoka mtacheka, na hamtakuwa mnachekana.

Na wewe mwenye wimbo wako, usidhani nimekusahau. Usimpigie mwenzio kelele halafu ukadai ni furaha. Yule Mjerumani pamoja na ukelele wake wote, jina la wimbo wake ni ombi. Anaomba aruhusiwe. Nawe omba: "Naweza kuuweka mmoja tu?" Na zamu ya mwenzio ikifika, hata kama yeye anapenda kitu cha taratibu kinachokuletea usingizi, kaa usikilize mpaka mwisho kama ulivyotaka usikilizwe.

Mapenzi hayaji kwa sauti moja. Kuna wanaonong'ona na kuna wanaopiga kelele, na wote wawili wanaomba kitu kile kile. Wikiendi hii, mwenzio akiongeza sauti ya redio huku anatabasamu, kabla hujanyoosha mkono kuizima, mtazame usoni kwanza.

Kwa leo naishia hapo. Tukutane mwezi ujao, na nisalimie huyo uliye naye.